Kishazi Huru na Kupe Wake

Wewe unamtegemea nani? Usinijibu "Mungu". Hilo tunalijua, na Yeye mwenyewe amechoka kutajwa na watu wanaokwepa swali. Nauliza habari za hapa chini. Ni nani ambaye asipoamka kesho, wewe hutajua soksi zako ziko wapi?

Nimewauliza watu wengi swali hili tangu nimalize chuo, na karibu wote hununa. Lakini geuza swali, waulize ni nani anayewategemea wao, utaona wanavyovuta kiti. Watakutajia mama, wadogo zao, shangazi, mtoto wa shangazi, hata kuku. Kutegemewa ni cheo, kutegemea ni ugonjwa. Na maneno yenyewe ni ndugu wa tumbo moja: tegemea, tegemewa, tegemeza, tegemeana, tegemeo, tegemezi. Huyu wa mwisho ndiye tuliyemfanya mtoto wa kambo. "Tegemeo la familia" husomwa kwa sauti nzito mazishini. "Tegemezi" hunong'onwa mwenyewe akishatoka sebuleni.

Siku ya mahafali yetu mgeni rasmi alituhutubia juu ya kujitegemea. Jua lilikuwa kali. Muda wote alikuwapo mtu nyuma yake amemshikia mwavuli, na mwingine amemshikia maji, na hotuba yenyewe, kwa jinsi alivyoshangaa kila alipofungua ukurasa mpya, ilikuwa imeandikwa na wa tatu. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu jambo lenyewe naliamini hadi leo, hata likisemwa na mtu wa namna ile: anayelishwa hachagui mboga, na nchi hivyo hivyo. Tena nilikuwa na mfano wangu wa nyumbani uliomzidi mgeni rasmi kwa mbali. Mfano huo ni baba mkubwa, kaka yake marehemu baba.

Baba mkubwa ni fundi wa kufuli. Ana vyumba viwili. Cha mbele ndicho karakana, cha nyuma ndicho kila kitu kingine. Mbele kuna meza nene yenye jiliwa la kubania chuma, tupa za kusugulia chuma zimepangwa kuanzia nene hadi ile nyembamba kama mwiba wa samaki, na ubao wa misumari ulioning'inizwa funguo ambazo bado hazijawa funguo za mtu. Hana mashine. Ufunguo anauchonga kwa mkono, anaupuliza vumbi, anautia kwenye kitasa na kusikiliza, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Sasa msikilize mwenyewe alivyo. Nywele anajinyoa, kwa vioo viwili, na tangu nizaliwe sijaona siku ambayo hakubakisha kisiwa kisogoni. Jino lilipomuuma alilitoa kwa koleo lile lile la kuvutia springi, akalisuuza koleo, akaendelea na kazi. Alipohamia nyumba ile, kabati lilimkwama mlangoni. Majirani wanne walisogea kumpa mkono. Akawaambia asanteni, liko pale pale anapotaka liwe. Kwa wiki nzima fundi mzima wa kufuli za milango akawa anaingia kwake kwa dirisha.

Mama mkubwa alivumilia kadiri binadamu anavyoweza. Siku ya kuondoka alimwambia mama yangu kwamba mumewe hajawahi kumruhusu hata kumshonea kifungo. "Siwezi kuishi na mwanamume aliyejioa mwenyewe," alisema, akajitwika sanduku lake, akaenda kwao.

Hawakuwa na mtoto. Dada akaondoka, shemeji akabaki.

Shemeji huyu, mdogo wa kiume wa mama mkubwa, alikuja wiki iliyofuata kuchukua sufuria ya dada yake iliyosahauliwa. Alifika mchana. Sufuria ilikuwa jikoni ina maharage. Akaona si adabu kubeba sufuria na maharage ya watu, bora ayamalize kwanza. Anayamaliza hadi leo. Ana chumba chake mtaa wa pili, anakwenda kulala, lakini harufu ya kitunguu ikianza tu kupanda kutoka jiko la baba mkubwa, kivuli chake kinatangulia mlangoni. Mfukoni hutembea na kijiko chake, kwa sababu, anasema, hapendi kusumbua watu. Ukimuuliza kazi yake anakuambia anasubiri majibu. Majibu ya nini, na nani aliulizwa, hajawahi kusema. Mtaa ukamwita Kupe, na yeye akaitika, maana Kupe huitika kila anapoitwa, isije ikawa ni chakula.

Nilimchukia kwa dhati. Alikuwa ni kila kitu nilichokuwa nikikipinga, kimevaa ndala. Siku moja nikamtolea baba mkubwa methali mbele yake, nikasema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Baba mkubwa akamtazama shemeji yake alivyokuwa akikomba sufuria, akaniuliza, "Mbona huyu hafi?"

Jina la baba mkubwa, lile analojulikana nalo, lilitoka kwangu. Nilikuwa likizo, nasomea lugha, na kama kila mwanafunzi wa lugha nilidhani watu wanapokula wanapenda kusikia sarufi. Nikawaeleza kwamba kuna kishazi huru, maneno yanayosimama yenyewe. "Nimekula." Umesema, umemaliza, hakuna anayengoja zaidi. Halafu kuna kishazi tegemezi, ambacho peke yake kinabaki kinaning'inia. "Mkipika." Mkipika, ndiyo nini? Lazima kiegemee kingine ndipo kieleweke.

"Mkipika, nakuja," akasema Kupe kwa upole, kijiko mkononi.

Baba mkubwa alicheka hadi akalazimika kushika meza. Asubuhi yake akachukua rangi akaandika juu ya mlango wa karakana: KISHAZI HURU, FUNDI KUFULI. Wateja wapya hadi leo wanadhani ni jina la ukoo.

Hayo yalikuwa maisha yake, na yangeendelea hivyo kama mwili ungekuwa nao umesoma hotuba ya mgeni rasmi. Lakini mtu aliyeishi bila mtoto hata mmoja akapata mtoto ukubwani: mtoto wa jicho. Tena mapacha, mmoja kila jicho.

Alitufanya wajinga kwa muda mrefu. Alichonga funguo kwa kupapasa, akajidai taa ndiyo mbovu. Mwishowe mwalimu wa shule ya jirani akachongewa ufunguo wa nyumba yake, ukakataa kabisa kufungua kwake, ila ulifungua vizuri sana kwa muuza nyama, ambaye wakati huo alikuwa anaoga. Mtaa ulicheka wiki nzima. Baba mkubwa hakucheka. Aliutia ule ufunguo kwenye jiliwa na kukaa akiuangalia, au akiangalia pale alipodhani upo. Kwake kufuli halikuwa kazi tu. Ndilo lililomlisha bila kumwambia mtu asante. Macho yakienda, tupa zinakwenda, na mkono wake unabaki wa kunyoosha tu.

Akaenda hospitali. Peke yake, bila shaka, na alifika baada ya kupotea mara mbili. Kulikuwa na madaktari wa macho wa kupita, wanakaa wiki moja kisha hawarudi hadi mwaka unaofuata. Wakampima, wakasema wataanza na jicho la kulia. Alipokwenda siku aliyopangiwa, muuguzi wa mlangoni, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akamuuliza yuko na nani.

"Niko na mimi," akajibu.

Akaambiwa haiwezekani. Jicho likishapasuliwa litafunikwa, na lile jingine halioni, sasa nani atamrudisha nyumbani? Baba mkubwa akawaza, akanyoosha kidole kwenye benchi, akasema amekuja na yule bwana pale. Muuguzi akageuka kumtazama yule bwana. Alikuwa amekaa wima, mwenye heshima zake, amefungwa plasta macho yote mawili.

Kisa hiki kilifika nyumbani kabla yake. Kesho yake, aliporudi kujaribu tena, mimi na mama tukamfuata hadi hospitali bila ruhusa yake. Nikamwambia nitamshika mkono mimi, kwani mimi si mwanawe? Akanijibu niende nikashike ajira. Mama naye akaomba, akimwita shemeji kwa ile sauti anayotumia kwa watoto wenye homa. Akamwambia anamshukuru ila asijisumbue. Nikamuuliza, kwa hasira sasa, anaogopa nini. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Fadhila ni kufuli, mwanangu. Mwenzako anakufunga nayo, na ufunguo anakaa nao yeye."

Tukafika kwa muuguzi wote watatu. Muuguzi akafurahi kuona mzee ameleta watu. Baba mkubwa akasema, "Hawa sikuja nao. Wamenifuata."

Hapo muuguzi akaishiwa uvumilivu. Akamweleza, akigonga meza kila neno, kwamba kesho ndiyo siku ya mwisho, madaktari wanafunga mizigo. Asipopasuliwa kesho, kwa hali aliyoiona, mwaka ujao atakuja kwa kutambaa ukutani. Kisha akasema maneno yaliyobadilisha mambo yote.

"Mzee, kesho njoo na mtegemezi wako. Bila mtegemezi, humo ndani huingii."

Baba mkubwa akainua kichwa. "Umesema mtegemezi?"

"Ndiyo. Mtegemezi."

"Mtegemezi," akarudia, na uso ukamkunjuka kama shuka. "Huyo ninaye. Tena sugu."

Ninyi mnaojua lugha mmeshaona kosa. Mtegemezi ni yule anayeegemea, si anayeegemewa. Muuguzi alitaka kusema mtu wa kumtegemeza, au mtu wa kutegemewa, ulimi ukaokota neno lililokuwa karibu. Mimi ni mtu wa kutetea kamusi, hata kwenye foleni ya hospitali. Nikafungua kinywa nirekebishe. Mama akanikanyaga mguu kwa kisigino, akakiacha pale pale hadi tulipotoka nje.

Jioni baba mkubwa hakumwomba Kupe. Alimwarifu. Alingoja Kupe aketi, sahani ijae, akamwambia kwamba kesho anakwenda hospitali.

"Naumwa nini?" Kupe akauliza, kijiko kikasimama njiani.

Akaelezwa kwamba haumwi. Ni mtegemezi, na hospitali wanataka mzee afike na mtegemezi wake, ndiyo sheria. Kupe akauliza kama kule wanapika. Akaambiwa hawapiki. Akala polepole, akaaga mapema, na sisi wengine tukatazamana. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Kupe mahali pasipo na chakula. Mama aliniambia nijiandae kumbeba baba mkubwa kwa nguvu. Nikamwambia mtu mzima habebwi kwa nguvu, ndiyo maana ya uhuru. Akaniambia uhuru wangu niuone ukigongwa na gari barabarani.

Asubuhi nilipofika, Kupe alikuwa ameshafika. Ameoga. Baba mkubwa alikuwa anamvalisha koti lake mwenyewe la kijivu, kwa kuwa shati la Kupe lilikuwa na historia ndefu ya maharage, na yeye hataki kuonekana ana mtegemezi mchafu. Njia nzima walitembea sambamba, hatua moja kati yao, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa mwendo.

Muuguzi akamtazama Kupe kuanzia utosi hadi ndala. "Huyu ndiye mtegemezi?"

"Muulize mtu yeyote mtaani," akasema baba mkubwa, akaingia ndani kifua mbele.

Tukabaki kwenye benchi: mama, mimi, na Kupe katikati, koti limemzidi mabega. Mama akafungua mfuko, akatoa mkate, akampa kipande. Kupe akatikisa kichwa. Mama hakuamini, akamsogezea tena. Akatikisa tena. Mama akamgusa kipaji cha uso akidhani naye anaingia homa. Kupe alikuwa ameukazia macho mlango ule, mikono imefichwa ndani ya mikono ya koti. Baada ya muda mrefu akanigeukia.

"Wakikosea..." akasema.

Nilingoja amalizie. Hakumalizia, na mimi na sarufi yangu yote sikuwa na kishazi kikuu cha kumpa.

Hawakukosea. Baba mkubwa alitoka jicho la kulia limefunikwa pamba na plasta, la kushoto likiona ukungu, akakataa mkono wa muuguzi, akakataa wa mama, akakataa wangu, akagonga fremu ya mlango kwa paji la uso. Akaiomba radhi. Muuguzi akatoa kichupa cha dawa, akatuambia kwamba plasta itolewe kesho asubuhi na matone yaanze saa hiyo hiyo, kila baada ya saa chache, bila kukosa. Na mzee asijitie mwenyewe, maana atajichoma na ncha. Jicho lililopasuliwa likichafuka linakwenda, na likienda halirudi. Alimwambia hivyo Kupe, macho kwa macho, kwa sababu ndiye aliyekuwa mtegemezi.

Barabarani palikuwa na magari. Baba mkubwa akasimama ukingoni, akasikiliza, akasita. Kisha mkono wake ukatoka taratibu, ukapapasa hewani, ukakamata ncha ya koti mgongoni mwa Kupe.

"Nimeshika koti langu," akatutangazia. "Sijamshika mtu."

Kupe alivuka barabara ile kwa upole ambao sijauona hata kwa mtu aliyebeba mayai, na baba mkubwa akavuka akiwa ameshika mali yake.

Nyumbani akatufukuza wote. Kabla hatujatoka akataka kutuonyesha kwamba hilo la matone halina ugumu. Akajaza maji kwenye kichupa cha mafuta ya vitasa alichokiosha, akainua kichwa, akakielekeza kwenye lile jicho bovu la kushoto kwa mazoezi. Tone la kwanza likaingia masharubuni. La pili likaingia sikioni. La tatu sijui lilikwenda wapi, ila Kupe alijifuta. Mkono uliokuwa ukichonga meno ya ufunguo kwa unene wa unywele sasa ulikuwa unakosa jicho zima. Mama akasema atakuja asubuhi amtie dawa. Baba mkubwa akamwambia akapike kwake.

Nilirudi kwangu nimevimba kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze wapi. Kwa muda mrefu nilimsema Kupe kuwa ndiye mgonjwa wa nyumba ile. Sasa nilikuwa namwona mtu mwingine kabisa, mwanamume aliye tayari kulipoteza jicho zima lakini asitamke neno "nisaidie". Niliapa kwamba kesho, akitaka asitake, nitamkalia kifuani nimtie dawa, na habari za uhuru wake aje anilalamikie baadaye.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Sikubisha hodi, kwa sababu niliwaona kabla hawajanisikia, nikasimama pale pale chini ya yale maandishi.

Walikuwa kwenye meza ya kazi. Baba mkubwa ameketi kwenye kigoda, plasta amekwisha kuibandua, jicho jekundu, linatoa machozi. Kichupa cha dawa kilikuwa mbele yake kati ya tupa, na kifuniko chake kilikuwa wazi. Masharubu yalikuwa makavu, kwa hiyo nilijua kwamba bado hajajaribu. Upande wa pili Kupe, bado amevaa lile koti, alikuwa anakula viporo kwa kijiko chake. Baba mkubwa alikuwa anakisukuma kichupa kwa kidole, kidogo kidogo, kama mtu anayecheza bao bila mpinzani, hadi kikavuka katikati ya meza na kugusa sahani ya Kupe.

"Ukimaliza kula..." akasema.

Nikangoja kilichobaki. Kanuni inataka kije. Hakikuja.

Kupe hakumaliza kula. Aliweka kijiko chini sahani ingali nusu, akafuta vidole kwenye koti la watu, akasimama, akaizunguka meza.

"Inua kichwa, shemeji."

Baba mkubwa akainua kichwa. Kile kisiwa cha nywele kisogoni kikalala juu ya tumbo la Kupe. Tone la kwanza likaanguka.

"Jicho, si pua."

"Tulia basi. Wewe mwenyewe jana ulipiga sikio."

La pili likaingia. Baba mkubwa akafumba, akabaki hivyo, shingo nyuma, uzito wote wa kichwa ukiwa pale ulipoegemea. Kupe naye akabaki amesimama bila kusogea, huku viporo vyake vinapoa.